Mikwaruzo ya Shavuni

Bukoba, Alhamisi usiku

Mwanangu Koku,

Asimwe atazikwa Jumamosi saa nane mchana, Izigo, katika kibanja cha babu yake, kando ya kaburi la baba yake. Amesema hivyo babu mwenyewe, mzee Yoeli, kwa simu, jioni hii, wakati wewe na mama yako mlikuwa kanisani kuagana na kwaya. Amesema pia kwamba Anitha, mama wa mtoto, amekubali, na kwamba kabla ya maziko anataka kufika hapa kwetu. Atafika kesho saa tatu asubuhi. Anakuja na mdoli, na anakuja kwako, siyo kwangu.

Anachokitaka nitakiandika mahali pake. Nakuandikia badala ya kukuambia kwa sababu nikisema kwa mdomo, sauti yangu itakuagiza. Unaijua. Nimekwisha kukuagiza mara moja, na wote wawili tumeona kilichotokea. Karatasi haiwezi kukukazia macho. Unaweza kuisoma, ukaikunja, ukaenda zako.

Mambo ya chakula, ya baridi ya melini, ya kupiga simu ukifika Mwanza, mama yako ameyasema yote na kesho atayarudia. Siyagusi.

Naanzia Goziba, kwa sababu huko ndiko nilikoanza kukosea, na kwa sababu hukuwahi kuniuliza picha zile nilizipataje.

Majuma machache kabla ya ajali nilikwenda kisiwani na boti ya chanjo kuandika habari. Kina mama walipanga mstari ufukweni, katikati ya dagaa walioanikwa, na Anitha alikuwa nyuma ya wote. Alinicheka kabla sijamsalimia. "Baba wa redio, hivyo viatu vya ofisini! Ziwa litavinywa." Wenzake wakacheka. Nilimwuliza mtoto anaitwa nani. "Asimwe. Babu yake wa Izigo hajamwona bado. Tukipata nafasi tunampeleka." Nikaomba kumpiga picha. Akasema nisubiri, akalowesha ncha ya kanga kwa mate, akamfuta mtoto pembeni mwa mdomo. Kwenye shavu la kushoto palikuwa na mikwaruzo mitatu. Mtoto alikuwa amejikuna kwa kucha zake.

"Huku usipige," akasema, akamgeuza. "Watasema sijui kumtunza."

Nilimwambia haitaonekana. Nikapiga. Baadaye muuguzi alipomvua nguo mtoto na kumning'iniza kwenye mizani, nikapiga tena, kwa nyuma, shavu la kushoto likiwa limenigeukia, kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri. Ndiyo maana nilikuwa na picha ya baka lake la mgongoni, lile la buluu inayoelekea kijivu. Sikuomba ruhusa ya picha ya pili. Nilikuwa nimekwisha kupewa ya kwanza.

Kuhusu ajali nitasema kwa ufupi, unaijua. Mtumbwi ulitoka Goziba alfajiri, magunia chini na watu juu ya magunia. Ulipinduka watu wa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, wakiuona. Jonas, mwana wa mzee Yoeli, alipatikana kwenye matete. Mke wake Anitha alivutwa na wavuvi kwa nywele, akiwa hai. Asimwe hakupatikana. Walikuwa wakimpeleka kwa babu yake.

Nilimkuta Anitha hospitali ya Rubya, amelazwa. Nimeongea na watu wengi wakiwa katika hali ile, na najua namna ya kuuliza: unaketi, unashusha sauti, unauliza kitu kidogo kinachoweza kujibiwa. Nikamwuliza alikuwa amembebaje mtoto. Akasema, "Mgongoni. Kanga ililegea." Basi. Akageukia ukutani.

Saa moja jioni maneno hayo yalikuwa redioni. Niliyasoma mimi. Yalikuwa maneno yake, sikuongeza wala kupunguza, na mhariri alinipigia kunisifu. Ungeniuliza usiku ule kama nimefanya kosa, ningekuambia niambie neno gani si la kweli.

Kwenye msiba wa Jonas, Izigo, nilisimama karibu na wanawake waliokuwa wakimenya ndizi. Mmoja alimwambia mwenzake aliyekuwa na mtoto mgongoni, huku akicheka kidogo kama mtu anayekohoa, "Kaza hiyo kanga, usije ukawa wa redioni." Anitha alikuwa ameketi mlangoni, hatua chache kutoka hapo. Walikuwa wamekwisha kumpa jina. Walimwita Kanga Ililegea. Watoto nao walilichukua.

Sentensi ile ningeweza kuiacha. Habari isingepungukiwa na kitu. Mtumbwi ungekuwa umepinduka vilevile, na waliokufa ni walewale. Watu husema mimi sitikisiki, na ni kweli, na kazini kunafaa. Lakini mtu asiyetikisika huchelewa kujua kwamba amekanyaga mguu wa mwenzake.

Sasa uje kwenye mgomba. Siku ile hukuwepo, na nilikusimulia nusu tu.

Katika ukoo wa mzee Yoeli, aliyepotelea ziwani asipatikane hukatiwa mgomba wa kimo chake. Huviringishwa katika lubugo, gome la kuzikia, kama mwili wa mtu, ukazikwa karibu na watu wake, ili asikose mahali. Kwa Asimwe mzee alikwenda mwenyewe kibanjani akachagua chipukizi dogo. Alilikata, akalisafisha, akalileta ndani amelishika kwa mikono miwili. Anitha akaliangalia.

"Mimi sikuzaa mgomba," akasema.

"Bojo, mwanangu, ni desturi. Hata babu yangu mdogo tulimzika hivi."

"Desturi ni sawa, waitu, mzee wangu. Lakini hiki kinatoa utomvu. Mwanangu alikuwa na damu."

Akalichukua, akatoka nalo, akalirudisha kwenye shina lilikokatwa. Mzee Yoeli alibaki na lubugo tupu magotini. Kaburi dogo lilikuwa limekwisha kuchimbwa.

Ni pale nilipokufikiria wewe. Nilipokuwa naendesha kurudi Bukoba nilijihisi nimepata dawa. Nilifikiri: hataki mgomba kwa sababu haufanani naye. Basi apewe kinachofanana. Na kifananacho nyumbani kwangu kinatengenezwa, dirishani, na binti yangu. Picha ninazo. Nilitaka kurekebisha maneno yangu kwa mikono yako, Koku. Wakati ule sikuliona hivyo. Niliona huruma tu, nikajipongeza.

Ulikuwa umeketi palepale dirishani, mdoli wa chuo cha wauguzi magotini, unachora kope. Walikuletea midoli ile ikiwa myeupe kama mshumaa, ukaigeuza kuwa watoto wa hapa. Nilikuwa nimekuzoea, sikuwa nakutazama tena. Siku ile nilikutazama kwa sababu nilikuwa na haja. Unachonga penseli mpaka ncha inakuwa kama sindano. Unaanza na masikio, kwa sababu bibi yako alikufundisha kwamba rangi ya mtoto ya kesho iko kwenye masikio na pembeni mwa kucha. Ngozi nyingine bado inadanganya. Halafu zambarau nyembamba kwenye kope, mshipa wa kijani kibichi kando ya paji la uso, ambao unauchora kisha unaugonga kwa sponji mpaka unabaki kama fununu. Vipele vyeupe vya maziwa puani. Ngozi inayobanduka kwenye vifundo vya mikono. Halafu vanishi isiyong'aa, unasubiri ikauke, unaanza tabaka jingine juu yake.

Nilikuambia ninachotaka. Hukuinua uso.

"Tata, mimi sichori mtoto wa mtu."

"Wote hao ni watoto wa watu."

"Hapana. Huyu masikio ni ya mtoto wa wodini, paji ni la mwingine, mdomo nimeubuni. Hakuna mama atakayepita hapa akasema huyu ni wangu. Ndivyo ninavyofanya."

"Huyu amezama, Koku. Familia haina cha kuzika."

"Mama yake amekubali?"

Nikajibu, "Mzee Yoeli amekubali."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimempigia njiani, naye akasema, "Kama kitamfanya atulie, leta." Lakini wewe hukuuliza kuhusu mzee Yoeli. Uliuliza kuhusu Anitha, na Anitha sikumwuliza. Nimehoji viongozi walionijibu kwa namna hiyohiyo, swali moja jibu la jingine, na huwa nawarudisha papo hapo. Wewe hukunirudisha. Hukufikiri baba yako angehitaji kurudishwa.

Nilikuletea mchanga wa kujazia mwili. Niliuchota hapa mjini, ufukweni, nikauosha na kuuanika kwenye sinia. Uzito nilikupa ule wa mizani ya Goziba. Ulipoanza kushona ulisema, "Mchanga wa ziwa, Tata?" Nilisema mchanga ni mchanga.

Siku za mwisho ulikuja na ombi moja. Ulikuwa umemaliza kila kitu isipokuwa mgongo na shavu.

"Niache kitu kimoja," ulisema. "Baka au mikwaruzo. Chagua wewe. Nikiviweka vyote, hautakuwa mdoli tena."

"Picha inavionyesha vyote."

"Picha haibebwi mgongoni."

Nilikuambia kazi ya nusu ni uongo. Nilisema hivyo, mezani kwangu, kwa binti niliyekuwa nimemjibu nusu. Ukaweka vyote. Mikwaruzo uliichora mwishoni, penseli ya rangi ya kutu, mistari mitatu, na kila mmoja ulikuwa mwembamba mwishoni kama ukucha unavyotoka kwenye ngozi. Niliweka picha kando ya shavu nikashindwa kupata tofauti. Nilijivuna. Wewe ulikwenda kunawa mikono.

Ulipokuwa mdogo ulinichorea mbuzi wa bibi yako. Nilikuambia, "Masikio haya ni ya mbwa." Ukafuta, ukachora, ukaja tena. "Bado." Ukafuta tena, mpaka karatasi ikatoboka pale penye kichwa, ukaileta hivyohivyo ikiwa na tundu, ukaniuliza, "Na sasa?" Mama yako alicheka sana. Mimi niliona una bidii. Sasa nadhani ulikuwa unaniuliza jambo ambalo nimechelewa kulijibu. Mbuzi yule alikuwa mzuri na masikio yake ya mbwa.

Izigo tulikwenda wote, kwa hiyo sina haja ya kukukumbusha mengi. Naandika niliyoyaona nikiwa upande wangu wa chumba, kwa sababu wewe ulikuwa umeinamisha kichwa. Mzee Yoeli aliupokea mdoli kwa mikono miwili. Aliutazama muda mrefu, halafu akasema kwa Kihaya, taratibu, kama anayesalimia, kwamba kumbe ana paji la uso la marehemu mkewe. Mzee yule alimwona mjukuu wake kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha akampa Anitha.

Anitha aliufungua nguo, akaugeuza, akatazama chini ya mgongo. Akaugeuza tena, akatazama shavu. Aligusa mikwaruzo kwa kidole kilicholowa mate. Halafu akasema, "Nipeni kanga."

Akaubeba mgongoni. Akafunga fundo, akafunga la pili juu yake, akamgeukia yule mwanamke aliyecheka siku ile ya msiba, akamwambia, "Mama, nikazie hapo. Kaza. Kaza tena." Mwanamke yule alikaza. Mwinjilisti aliyeitwa kuzika alifunga kitabu chake. Hakuna aliyethubutu kumwambia ashushe. Jioni ile wanaume walifukia lile kaburi dogo likiwa tupu.

Tangu siku ile mdoli wa wauguzi uko dirishani na kope moja. Nimesikia uliyomwambia mama yako jikoni, kwamba huko Mwanza kwenye karakana ya midoli utaomba kushona miili tu, nyuso wachore wengine. Wao walikutaka kwa ajili ya nyuso. Sikuingia kuchangia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimama mlangoni nikashindwa kupata swali.

Yaliyotokea Izigo baada ya hapo nilikuwa nayapokea kwa simu, na nilikuficha mengi. Anitha alikuwa akiuogesha mdoli asubuhi na jioni. Aliulaza kwenye mkeka na kuufunika neti. Shangazi wa Jonas alitaka Anitha arudishwe kwao Rubya, akisema nyumba haiwezi kukaa na mwenda wazimu. Mzee Yoeli alimjibu, "Huyu ni mke wa mwanangu. Akibeba jiwe, tutalitandikia jiwe mkeka." Nilikwenda mara moja bila kukuambia. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kwa ile sentensi ya redioni. Anitha alinikaribisha vizuri, akaniletea maji, akaniambia nisiongee kwa sauti, mtoto amelala. Nikanywa maji nikaondoka. Nimeona maiti nyingi, Koku, za moto, za barabarani, za ziwani, na siku zote nimekula chakula changu baadaye. Siku ile sikula.

Siyasemi haya ili uone nami nimeumia. Nayasema kwa sababu unaondoka ukiamini kwamba mkono wako ulifanya ubaya. Mkono wako ulisema mapema kabisa, kwa maneno ya wazi, utafanya nini na hautafanya nini. Ulikuwa na sheria yako, nzuri kuliko nyingi nilizowahi kusoma, na aliyekuvunjia ni mtu unayemheshimu, aliyekuja na jambo la huzuni mkononi. Watu wabaya hawatakusumbua sana huko uendako, hao utawatambua. Watakaokusumbua watakuja kama nilivyokuja mimi, na macho mekundu na sababu nzuri. Sijui dawa yake. Najua tu kwamba ukiuliza "mama yake amekubali?" ukajibiwa kuhusu mtu mwingine, uliza tena.

Sasa simu ya jioni hii. Naandika kama alivyosema mzee, nilimwomba arudie nikahakikisha.

Jana asubuhi Anitha alikuwa uani anauogesha. Akaita, "Tata, njoo uone." Mzee akaenda na fimbo yake. Akamwonyesha shavu.

"Mikwaruzo haijapona."

Mzee akasema, "Naam, naiona."

"Mtoto akijikuna leo, keshokutwa huoni kitu. Ngozi yao inapona upesi. Hii ni wiki na wiki, ni ileile." Akaisugua kwa kidole gumba. Haikutoka, kwa sababu vanishi yako ni nzuri. Akaketi chini pale pale penye maji. "Huyu haponi, Tata," akasema. "Huyu amekufa."

Halafu akalia. Mzee anasema alilia kama watu wanavyolia, kwa sauti, na majirani wakaja, na yule mwanamke wa kanga akaja pia, akaketi naye kwenye tope. Mpaka jana alikuwa hajalia hata mara moja. Hilo sikulijua. Sikuwahi kuliuliza.

Ulisema ukiviweka vyote hautakuwa mdoli tena. Ulikuwa sahihi. Lakini kilichomrudisha ni kimoja katika vile ulivyotaka kuacha. Sijui tufanye nini na jambo hilo. Haliniondolei kosa langu, nami sitalitumia hivyo. Naliweka hapa kwa sababu lilitokea.

Jioni ya jana walizungumza maziko. Mwinjilisti aliitwa. Akasema, "Mimi siombei plastiki, mzee wangu."

"Na mgomba ungeuombea?"

"Mgomba ameuumba Mungu."

"Na mikono ya yule binti ameiumba nani? Mwenye duka?"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho mwinjilisti akasema ataliombea jina la mtoto, na kitakachokuwa ndani ya lubugo hatakitazama. Mzee akasema hiyo inatosha, hata yeye mwenyewe hatatazama.

Walipomaliza Anitha akasema ana neno moja. Alisema mtoto hawezi kuzikwa na majeraha usoni. "Watasema sikumtunza. Tumpeleke kwanza kwa yule binti, amponye. Akishapona, nitampa lubugo kwa mkono wangu."

Ndicho anachokuja kukitaka.

Nilikumbuka uliyoniambia zamani, ulipokosea mdoli mmoja wa chuo ukakataa kuutupa. Ulisema kilichokwisha kufungwa na vanishi hakifutiki, kinafunikwa tu. Tabaka jepesi, tena jepesi, kila moja likauke. Na ukisema ukweli, ulisema, hakipotei kabisa. Kinabaki kama mahali palipopona juzi. Sijui kama unaweza kufanya hivyo kwenye shavu kwa asubuhi moja. Wewe ndiye unayejua. Sikumwambia mzee kwamba inawezekana. Nilimwambia nitakufikishia maneno, na kwamba jibu litakuwa lako. Akauliza, "Na akikataa?" Nikamwambia basi nitamwambia Anitha mimi mwenyewe, nikimtazama. Akasema, "Mwambie Koku hatumdai kitu." Nimekuambia.

Safari hii aliyeomba ni Anitha. Nimemwuliza mzee mara mbili kama ni yeye aliyesema au ni mtu alimsemea, na kwa maneno gani. Ni yeye. Niliyoandika hapo juu ni maneno yake. Hilo tu ndilo ninaloweza kukuhakikishia, na ni lile ulilokuwa umeliuliza tangu mwanzo.

Mkebe wako wa penseli uko juu ya kabati, nyuma ya redio mbovu, pale ulipousukuma. Nimeona sanduku lako limefungwa na mkebe haumo. Sikuutia ndani, wala sitautia. Kama ukiamua kushona miili maisha yako yote, shona, ni kazi halali, na sitakuuliza tena. Kama ukiamua kuuchukua, usiuchukue kwa ajili yangu.

Picha za Goziba nimezifuta kwenye simu jioni hii, isipokuwa moja, ile ya kwanza, ambayo kwa ajili yake Anitha alimfuta mtoto mdomo. Hiyo nitampa yeye kesho na kumwambia juu ya ile niliyopiga bila kumwomba. Na ile sentensi ya redioni pia nitamwambia, awe ameubeba mdoli au hajaubeba. Nilikwisha kunywa maji yake mara moja nikanyamaza.

Jumamosi nitakwenda Izigo bila kinasa sauti. Sitaandika habari. Mama yako atakuja nami; amekwisha kuuliza avae nini.

Utaratibu ni huu. Meli yako inaondoka kesho saa tatu usiku, uwe bandarini mapema. Maziko ni Jumamosi saa nane mchana, wakati huo wewe utakuwa Mwanza. Anitha atafika hapa kesho saa tatu asubuhi. Kama hutaki kumwona, toka mapema kwa mlango wa nyuma uende kwa shangazi yako, nitakuletea sanduku bandarini, na hakuna mtu katika nyumba hii atakayekutazama vibaya. Mlango wa nyuma nimeuacha bila kufuli. Wa mbele nitaufungua mimi, saa tatu.

Tata